Umri wa Kupokea Malipo ya Uzeeni

Zamani, katika jamii nyingi za nchi yetu, hapakuwa na mtu aliyehesabu miaka ili ajue kwamba fulani amekuwa mzee. Mtu aliingia uzeeni pamoja na rika lake, na dalili zake zilionekana kwa macho: watoto wake wameoa na kuolewa, jembe limekuwa zito mkononi mwake, na asemapo barazani watu hunyamaza wakamsikiliza. Lakini Serikali inayolipa fedha haiwezi kutumia kipimo cha namna hiyo. Karani aketiye nyuma ya meza hana nafasi ya kulipima jembe mkononi mwa kila mtu. Yeye hutaka nambari moja tu, nayo ni idadi ya miaka.

Walimu wenu waijua nambari hiyo vizuri. Hadi mwaka 2009 mtumishi wa Serikali ya Kenya alitakiwa kustaafu akiwa na miaka 55. Mwaka ule umri ukapandishwa kuwa miaka 60, na watu waliokuwa wakijiandaa kurudi mashambani wakabaki kazini miaka mitano zaidi. Jambo hilo liliamuliwa na wakubwa, na mtumishi akaletewa waraka. Marekani mambo yalikwenda njia nyingine. Huko sheria ilianza kwa kumwamuru mzee, kisha baada ya miaka zaidi ya 20 ikageuka ikaanza kumwuliza: wataka kuanza kupokea lini? Nataka kueleza jinsi swali hilo lilivyopata kuzaliwa, na kama kuulizwa kulikuwa ni fadhila kwa watu wote.

Hata hivyo, hadithi yenyewe haianzii Marekani, bali Ujerumani. Mwaka 1889, Otto von Bismarck akiwa Waziri Mkuu wa Dola, ilipitishwa sheria ya bima ya uzee na ulemavu kwa wafanya kazi. Mfanya kazi alilipa sehemu yake, mwajiri akalipa yake, na Serikali ikaongeza kidogo. Bismarck hakuwa mtu wa kuwaonea huruma wafuasi wa ujamaa; alitaka wafanya kazi waione Serikali kuwa ni mlezi wao, wasije wakavutwa na vyama vilivyotaka kuipindua. Umri uliowekwa ulikuwa miaka 70. Wako watu wengi waandikao kwamba Bismarck alichagua miaka 65 kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na umri huo. Habari hiyo si kweli. Mwaka 1889 Bismarck alikuwa amekwisha timiza miaka 74, na Ujerumani haikushusha umri hadi 65 ila mwaka 1916, yeye akiwa amelala kaburini miaka 18.

Jambo la kukumbuka katika sheria ile ya Ujerumani ni kwamba ilikuwa na milango miwili. Mlango wa kwanza ni ule wa miaka 70. Mlango wa pili ulikuwa kwa mtu ambaye mwili wake umeshindwa na kazi, hata kama hajafikia umri huo. Katika miaka ile ya mwanzo watu walioingia kwa mlango wa pili walikuwa wengi kuliko walioingia kwa ule wa kwanza, kwa kuwa viwanda na machimbo ya siku zile hayakumpa mtu nafasi ya kufika 70 akiwa mzima. Tuukumbuke mlango huo wa pili, maana tutauhitaji hapo mbele.

Uingereza ilifuata mwaka 1908, ikaanza kulipa tarehe 1 Januari 1909. Mzee wa miaka 70 asiye na mali alipewa shilingi 5 kwa juma, akizichukua posta. Yeye hakutakiwa kuchanga kitu. Alitakiwa kuwa maskini tu, na kuishi hadi siku hiyo.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1929 biashara ya Marekani ilianguka vibaya. Mabenki yalifunga milango, na akiba za watu zikapotea pamoja nayo. Vijana hawakupata kazi. Wazee, ambao waajiri walikuwa wakiwakataa hata siku za neema, walikuwa katika hali mbaya zaidi. Mwaka 1933 daktari mmoja wa Long Beach, California, aitwaye Francis Townsend, aliandika barua katika gazeti la mji wake akatoa shauri la ajabu: kila mtu aliyepita miaka 60 apewe dola 200 kwa mwezi, kwa sharti kwamba aache kazi, na kwamba fedha zote azitumie kabla mwezi haujaisha. Kwa njia hiyo, alisema, vijana watapata kazi za wazee, na maduka yatapata wanunuzi. Hesabu zake hazikuweza kusimama, maana fedha hizo zilikuwa nyingi kupita kiasi. Hata hivyo mamilioni ya watu waliingia katika vilabu vyake, na wanasiasa huko Washington wakaanza kusikia kelele hizo.

Rais Franklin Roosevelt aliunda kamati mwaka 1934, mwenyekiti wake akiwa Bi Frances Perkins, Waziri wa Kazi, ambaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani. Kamati hiyo ilipofikia suala la umri, haikwenda kwa waganga wala kwa wazee wenyewe. Ilitazama mipango iliyokuwapo katika majimbo, ikaona kwamba karibu nusu yake ilitumia miaka 70, na nusu nyingine miaka 65. Mpango mpya wa wafanya kazi wa reli nao ulitumia 65. Wakati kazi zimeadimika namna ile, miaka 70 ilionekana kuwa mbali mno. Na miaka 60 ingeimaliza hazina. Basi wakaandika 65. Tarehe 14 Agosti 1935 Roosevelt akaitia sahihi Sheria ya Hifadhi ya Jamii.

Hapa husemwa mara nyingi kwamba Serikali ilifanya hila: iliweka miaka 65 ikijua kuwa watu wengi hufa kabla ya hapo. Ni kweli kwamba wastani wa maisha ya Mmarekani siku zile, ukihesabu tangu kuzaliwa, ulikuwa kama miaka 60 hivi. Lakini wastani huo ulivutwa chini na vifo vya watoto wachanga, na mtoto mchanga hakuwa amechanga hata senti moja. Tukiwatazama watu wazima, mambo hugeuka. Zaidi ya nusu ya wanaume waliofikia miaka 21 walitazamiwa kufika 65. Na mwanamume aliyefika 65 mwaka 1940 alitazamiwa kuishi karibu miaka 13 zaidi, na mwanamke karibu miaka 15. Msomaji wa historia sharti akumbuke jambo hili kila aonapo neno “wastani”, kwa kuwa neno hilo limewapoteza watu wenye elimu kubwa.

Makato ya mishahara yalianza Januari 1937: senti moja katika kila dola kutoka kwa mfanya kazi, na senti moja kutoka kwa mwajiri. Malipo ya kila mwezi yalikuwa bado. Aliyefika 65 katika kipindi hicho alipewa kiasi kidogo mara moja tu, akaagwa. Mtu wa kwanza kuomba malipo ya namna hiyo alikuwa Ernest Ackerman, dereva wa treni za mjini Cleveland, aliyestaafu siku moja baada ya mpango kuanza. Alikatwa senti 5, akalipwa senti 17, na habari yake na Hifadhi ya Jamii ikaishia hapo.

Huko Ludlow, katika jimbo la Vermont, alikuwako mwanamke aitwaye Ida May Fuller, karani katika ofisi ya wanasheria. Yeye alikatwa kwa miaka mitatu, jumla yake dola 24 na senti 75. Alistaafu Novemba 1939 akiwa amekwisha timiza miaka 65, na tarehe 31 Januari 1940 akaandikiwa hundi ya kwanza ya kila mwezi katika nchi nzima, dola 22 na senti 54. Bi Fuller aliishi hadi umri wa miaka 100. Alipofariki mwaka 1975 alikuwa amepokea dola 22,888 na senti 92. Nawasihi wanafunzi wawalinganishe watu hawa wawili. Wote walitii sheria ile ile; hakuna aliyekuwa mjanja kuliko mwenziwe. Tarehe ya kuzaliwa na wingi wa siku za kuishi ndizo zilizowatenga.

Wako pia ambao hawakuwa hata na nafasi ya kutengwa namna hiyo. Sheria ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani, na katika majimbo ya kusini Wamarekani weusi wengi walikuwa katika kazi hizo mbili. Walianza kuingizwa kwa sheria za 1950 na 1954. Mtu aliyechuma pamba maisha yake yote akafika miaka 65 mwaka 1940 hakuwa na swali la lini. Hakuwa na kitu cha kungojea.

Kwa muda wa miaka 20, basi, umri ulikuwa mmoja. Tena malipo yalikuwa ya mtu aliyeacha kazi kweli: sheria ya 1939 iliamua kwamba mzee aliyepata dola 15 au zaidi kwa mwezi katika kazi iliyo ndani ya mpango hupoteza hundi ya mwezi huo. Fikira za siku za dhiki zilikuwa bado zimo humo, kwamba mzee ampishe kijana.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1956, nayo yalianzia kwa wanawake. Ilionekana kwamba aghalabu mke ni mdogo kuliko mumewe kwa miaka michache. Mume akistaafu na miaka 65, mkewe alikuwa bado hajafika, na nyumba ikategemea hundi moja. Kwa hiyo mwanamke mfanya kazi aliruhusiwa kuanza akiwa na miaka 62, lakini hundi yake ikapunguzwa kwa sehemu moja katika tano, maisha yake yote. Sheria hiyo hiyo ilifungua pia mlango wa walemavu, lakini kwa walio kati ya miaka 50 na 64 tu. Sharti hilo la miaka 50 likaondolewa mwaka 1960. Marekani ilikuwa imechelewa miaka 67 nyuma ya Ujerumani katika jambo hilo. Mwaka 1961, biashara ikiwa imelegea na wanaume wa makamo wakipoteza kazi bila tumaini la kupata nyingine, Rais John Kennedy alitia sahihi sheria iliyowapa wanaume ruhusa ile ile ya miaka 62.

Hapo ndipo mzee wa Marekani alipoanza kuulizwa. Jibu lake nalo lilikuwa wazi: kwa miaka mingi umri wa 62 ulichaguliwa na watu wengi kuliko umri mwingine wowote. Wako wataalamu waliowacheka kwa kukosa subira. Mimi naona waliocheka hawakuitazama sheria vizuri, kwani upande wa pili wa mizani haukuwa na kitu. Mtu aliyengoja kupita miaka 65 hakuongezewa chochote hadi sheria ya 1972, nayo ilimpa asilimia 1 tu kwa kila mwaka wa kungoja. Sheria ya 1977 ikaifanya 3. Mtu hawezi kukopesha kwa faida ndogo namna hiyo hali hajui kama atakuwapo siku ya kulipwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hazina ya Hifadhi ya Jamii ilikaribia kukauka. Tume iliyoongozwa na Alan Greenspan ilitoa taarifa yake Januari 1983, na tarehe 20 Aprili Rais Ronald Reagan akatia sahihi sheria iliyopitishwa na Bunge baada yake. Umri wa kupata malipo kamili ukapandishwa polepole kutoka 65 hadi 67. Ustadi wa wanasiasa unaonekana katika neno hilo “polepole”. Wa kwanza kuguswa walikuwa watu waliozaliwa 1938, ambao mwaka 1983 walikuwa na miaka kama 45. Na miaka 67 kamili iliwekewa waliozaliwa 1960 na baadaye, ambao wakubwa wao walikuwa vijana wa miaka 23. Ni nani mwenye miaka 23 auzaye kura yake kwa ajili ya hundi ya miaka 44 ijayo? Miaka hiyo imepita mbio. Wazaliwa wa 1960 wanatimiza 67 mwaka 2027.

Mlango wa 62 haukufungwa, lakini umri kamili uliposogea, adhabu ya kuwahi ilikua. Wakati huo huo thawabu ya kungoja iliongezwa hadi ikafikia asilimia 8 kwa mwaka, na mwisho wake ni miaka 70. Kwa aliyezaliwa 1960 au baadaye hesabu ni hii. Kama malipo yake kamili ya miaka 67 ni dola 1,000 kwa mwezi, akianza na 62 atapata 700. Akingoja hadi 70 atapata 1,240. Nyongeza za kupanda kwa bei, ambazo zilianza kutolewa zenyewe kila mwaka tangu 1975, humfikia kila mmoja kwa kiasi cha hundi yake, kwa hiyo tuziache kando.

Chukua kalamu na daftari. Wawepo ndugu pacha wawili. Mmoja aanze na 62, wa pili na 67. Siku wa pili anapoanza, wa kwanza amekwisha pokea dola 700 kwa miezi 60, yaani dola 42,000. Tangu hapo wa pili humzidi mwenziwe dola 300 kila mwezi. Gawanya 42,000 kwa 300, utapata miezi 140, yaani miaka 11 na miezi 8. Ndugu hao watakuwa sawa wakiwa na umri wa miaka 78 na miezi 8. Akifa mmoja wao kabla ya hapo, aliyewahi ndiye aliyepata zaidi. Wakiishi kupita hapo, aliyengoja ndiye mshindi. Ukimlinganisha wa 67 na wa 70, watakuwa sawa wakiwa na miaka 82 na nusu. Wajuzi wa hesabu za bima walipanga hivyo kwa makusudi, ili Hazina, ikiwatazama watu wote kwa pamoja, isipate hasara kubwa wala faida kubwa kwa uchaguzi wa mtu yeyote.

Lakini hakuna mtu aishiye maisha ya watu wote kwa pamoja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia kumbukumbu za kodi za Marekani, ulionyesha kwamba wanaume walio katika sehemu moja kwa mia ya matajiri kabisa wana tumaini la kuishi karibu miaka 15 zaidi kuliko wale wa sehemu moja kwa mia ya maskini kabisa. Sasa rudi kwa ndugu wale wawili, ukamfanya mmoja kuwa mwezeka paa aliyebeba vigae miaka 40, na wa pili kuwa mwanasheria. Mwezeka paa anapofika 62 magoti yake yamekwisha. Hana akiba ya kumlisha miaka mitano, na daktari wa Serikali huenda akasema kwamba ulemavu wake haujatosha kuingia kwa mlango ule wa pili. Huchukua dola 700. Mwanasheria aipenda kazi yake, ana nyumba, na kungoja hakumnyimi chakula. Huchukua 1,240. Swali waliloulizwa ni moja, lakini mmoja ndiye aliyeweza kuchagua.

Hata nyumbani kwa mtu mmoja hesabu si ya kichwa kimoja. Katika ndoa, mmoja akifariki, aliyebaki haendelei kupokea hundi mbili. Hubaki na ile iliyo kubwa. Kwa hiyo mume mwenye hundi kubwa, hata kama ni mgonjwa na hatazamii kufika 78, huenda akangoja kwa ajili ya mjane wake. Katika hesabu ya ndugu pacha tungemwita mjinga.

Mwaka 2000 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyoondoa kikwazo cha kazi kwa watu waliotimiza umri wao kamili. Tangu hapo waweza kupokea hundi na mshahara pamoja. Aliye chini ya umri huo bado huzuiliwa dola moja kwa kila dola mbili anazopata juu ya kiwango kilichowekwa. Shauri la Dakta Townsend, kwamba mzee ampishe kijana, lilikuwa limeisha nguvu. Mambo haya yawahusu hata baadhi ya watu wa Afrika ya Mashariki, maana mtu yeyote aliyefanya kazi huko kihalali akakatwa kwa miaka kama 10 huingia katika mpango, naye hupata kuulizwa swali lile lile.

Swali lenyewe siku hizi limeingiwa na hofu mpya. Taarifa ya wadhamini wa mfuko ya mwaka 2025 ilikadiria kwamba akiba ya mfuko wa wazee itakwisha mwaka 2033, na kwamba tangu hapo makato yatakayokuwa yakiingia yataweza kulipa kama asilimia 77 tu ya malipo yaliyoahidiwa, Bunge lisipofanya kitu. Wako wasikiao habari hiyo wakakimbilia kuanza na 62, kama watu wanaowahi foleni kabla unga haujaisha dukani. Lakini kwa jinsi sheria ilivyo, upungufu huo ukija utazikata hundi zote, ya aliyewahi na ya aliyengoja, na aliyewahi atakatwa juu ya hundi iliyokwisha kupunguzwa.